Watu wa Sala wa Bukini

Mara ya kwanza kabisa, kilichowaokoa wamisionari wa Antananarivo kilikuwa sabuni. Malkia Ranavalona wa Kwanza, aliyekalia kiti cha enzi mwaka 1828 baada ya mumewe Radama kufariki, hakuwa na haja kubwa na Wazungu hawa wa London Missionary Society. Aliwapelekea maofisa kuwaambia kwamba wamekaa vya kutosha, na kama lipo jambo jingine wanaloweza kuwafundisha watu wake, walitaje. Wakajibu kwamba bado hawajafundisha Kigiriki wala Kiebrania. Maofisa wakapanda ikulu, wakashuka na jibu: malkia hana shughuli na lugha zisizo na wasemaji, anauliza kama wanaweza kutengeneza sabuni kwa vitu vinavyopatikana nchini. Miongoni mwao alikuwemo James Cameron, fundi Mskochi aliyefika mwaka 1826. Akaomba wiki moja. Wiki ilipokwisha, vipande viwili vya sabuni vilipelekwa kwa malkia, na wamisionari wakaachwa waendelee kukaa.

Kisa hiki husimuliwa kama kichekesho, lakini ndani yake mna sera nzima ya dola. Ufalme wa Wamerina, watu wa nyanda za juu katikati ya Madagaska, kisiwa ambacho wazee wa pwani yetu walikiita Bukini, ulitaka ujuzi. Radama alitia saini mkataba na Waingereza wa Mauritius mwaka 1817: yeye asimamishe kuuza watumwa nje, wao wampe bunduki, baruti, sare na walimu wa kijeshi. Elimu ilikuja katika fungu hilohilo. Wamisionari wawili wa kwanza, David Jones na Thomas Bevan kutoka Wales, walishukia Tamatave mwaka 1818 wakapokewa na homa ya pwani. Haikuchukua muda Bevan, mkewe na mtoto wao wakawa wamezikwa, na Jones naye kazika mke na mtoto. Jones alirudi Mauritius kujiuguza, kisha mwaka 1820 akapanda mlima mpaka mji mkuu, na kabla ya mwaka kwisha alikuwa na shule.

Radama aliipenda shule kwa sababu zake. Alihitaji makarani wa jeshi na watu wa kusoma barua kutoka ngome za mbali. Kabla ya hapo maandishi yaliyojulikana kisiwani yalikuwa ya herufi za Kiarabu, yaliyotunzwa na waandishi wa Kiantemoro wa kusini mashariki, kama sisi tulivyoandika Kiswahili kwa karne nyingi. Mwaka 1823 mfalme aliamua kwamba Kimalagasi kiandikwe kwa herufi za Kilatini, na kwa kuwa alikuwa na washauri Waingereza na Wafaransa waliokuwa wakivutana, akakata shauri kisiasa: konsonanti zisomwe Kiingereza, irabu zisomwe Kifaransa. Ndivyo zilivyobaki kwa sehemu kubwa hadi leo. Wazazi wengi waliogopa kupeleka watoto shuleni, wakidhani Wazungu watawauza au watawatafuna, lakini amri ya mfalme ni amri ya mfalme. Maelfu ya vijana wakajifunza kusoma, na wengi wao wakaingizwa jeshini na kutawanywa katika ngome za kisiwa kizima, kila mmoja na kijitabu chake mkobani. Serikali iliyosambaza wasomaji hawa kwa gharama zake ndiyo baadaye ilihangaika kuwasaka.

Kuhusu malkia mwenyewe, vitabu vya wamisionari vilimchora kama kichaa mwenye kiu ya damu, na picha hiyo imeganda. Mimi siinunui yote. Alikuwa katili, hilo halina ubishi, na ukatili wake uliwaangukia watu wa kila aina, Wakristo wakiwa sehemu ndogo tu. Washtakiwa walinyweshwa sumu ya tangena baada ya kula vipande vitatu vya ngozi ya kuku. Asiyevitapika vyote vitatu alihesabiwa mwenye hatia, kama sumu haikuwa imemuua tayari. Lakini alijua anachokitaka. Sisi wa pwani tuna ushahidi wetu mdogo. Mwaka 1833 Sultani Seyyid Said, akiwa anapambana na Wamazrui wa Mombasa, alimpelekea ujumbe kumwomba askari 2,000, na juu yake akamposa. Malkia alijibu kwa adabu kwamba sheria ya nchi haimruhusu kuolewa, ila yuko binti mdogo wa ukoo wa kifalme kama Said atapenda. Kisha akaagiza aletewe mkufu wa marijani. Huyo si mtu aliyerukwa na akili. Ni mtawala aliyeona Mauritius imekwisha kuliwa na Wazungu, akaona meli zao zinazidi kuzunguka kisiwa chake, na akauliza kila mgeni amekuja kufanya nini hasa.

Mwanzoni aliwavumilia. Tarehe 29 Mei 1831 Wamalagasi wa kwanza walibatizwa kwa ruhusa yake, na mmoja wao alikuwa mpiga ramli maarufu aliyechukua jina la Paulo. Kabla mwaka haujaisha ruhusa ikaanza kukatwa vipande: kwanza wanajeshi na wanafunzi wa serikali wakakatazwa ubatizo, kisha mvinyo ukapigwa marufuku mezani pa Bwana kwa kuwa sheria ya Wamerina ilikataza kileo, na Wakristo wakashiriki kwa maji.

Nadhani jambo lililoivunja subira yake lilitokea mwaka 1834, na wala halikuwa la wamisionari. Mzee mmoja aitwaye Rainitsiandavaka, mtunzaji wa sanamu ya mizimu, alikuwa amesikia kidogo juu ya Ukristo na kuuchanganya na ya kwake. Akahubiri vijijini kwamba Yesu anarudi, wafu watafufuka, vita vitakoma na watu wote watakuwa sawa. Akaja mji mkuu na wafuasi wake kumpasha malkia habari hiyo njema. Wakubwa wakamuuliza swali moja la mtego: je, malkia na watumwa wa Msumbiji wametoka kwa babu mmoja? Akajibu ndiyo, wote ni watoto wa Adamu na Hawa. Watumwa hao walikuwa Wamakua na ndugu zao, watu walioletwa kwa majahazi kutoka bara letu. Jibu lake likapimwa kama uhaini. Yeye na wenzake wa karibu waliingizwa vichwa chini katika mashimo ya kuhifadhia mpunga, wakamwagiwa maji ya moto na kufukiwa.

Ukisoma kesi hiyo unaelewa mashtaka yaliyofuata. Ufalme ulisimama juu ya mababu. Malkia alipokea baraka yao na kuigawa kwa watu, na sanamu za kifalme, hasa Kelimalaza, zilitembezwa mbele ya majeshi. Kukataa kuapa kwa hizo, kupumzika siku ambayo malkia hakuitangaza, kuliita jina jingine kuwa Bwana, kwake yeye lilikuwa jambo moja: raia amejitoa mikononi mwake na kujiweka chini ya mfalme wa wageni. Wakristo walimjibu kwa miaka 25 kwamba wanamtii katika kila kitu ila hilo. Hawakuwahi kuchukua silaha. Kwake hilo moja ndilo lilikuwa kila kitu.

Tarehe 26 Februari 1835 wamisionari walipewa barua: wafundishe ufundi wapendavyo, dini wasiifundishe tena kwa watu wake. Tarehe 1 Machi, alfajiri, mizinga ilipigwa na watu wakamiminika uwanja wa Mahamasina, chini ya mlima wa ikulu, wanajeshi wamewazunguka. Pale katika baraza kuu ilisomwa amri ya malkia. Kila aliyebatizwa, aliyeitunza Jumapili, aliyehudhuria mikutano ya sala, ajitokeze mwenyewe. Atakayejificha na kugunduliwa atakufa. Muda uliotolewa kwanza ulikuwa mwezi mmoja. Ukapunguzwa ukawa wiki. Mamia ya maofisa walivuliwa vyeo. Vitabu vikaamriwa virudishwe, na vikarudishwa kwa malundo.

Kilichotokea katika nyumba ya kuchapia wakati huohuo ndicho ninachokiona kikubwa kuliko vyote. Agano Jipya la Kimalagasi lilikuwa tayari tangu 1830, lakini Agano la Kale lilikuwa bado halijakamilika. Sehemu za manabii na Ayubu zilikuwa zikisubiri. Vijana Wamalagasi waliojua kupanga herufi walikatazwa kugusa kazi hiyo. Basi Edward Baker, mchapaji, akawa anapanga herufi peke yake, na mwenzake John Kitching akasukuma mtambo. Kufikia tarehe 21 Juni 1835 Biblia nzima ilikuwa imechapwa, zaidi ya miaka 50 kabla ya Waswahili kupata Biblia kamili kwa lugha yao. Wamisionari wengi waliondoka mwezi huohuo. Baker na David Johns walibaki mpaka Julai 1836, kisha nao wakaondoka wakiwaachia waumini karibu Biblia 70. Nyingine zilifukiwa ardhini ndani ya masanduku. Kanisa walilokuwa wakiliacha lilikuwa na watu 200 hivi waliobatizwa, halina mchungaji aliyewekewa mikono, halina jengo wala ruhusa, na mkubwa yeyote serikalini angetabiri kwamba litakufa baada ya misimu miwili ya mvua.

Lilishikiliwa na kusoma. Biblia moja ilitenganishwa kurasa ili nyumba kadhaa zipate fungu la kusoma, na mafungu yakabadilishana mikono. Waliokuwa na mwandiko mzuri walinakili Injili na Zaburi kwa mkono. Kitabu cha John Bunyan juu ya safari ya msafiri kwenda mji wa mbinguni, alichokitafsiri Johns, kilizunguka kwa nakala za mkono kabla hakijachapwa London mwaka 1838. Aliyejua herufi alimfundisha mwenzake usiku, na huyo akamfundisha mwingine, kwa hiyo watu waliojifunza kusoma bila shule yoyote wakaongezeka palepale shule zilipopigwa marufuku. Walikutana juu ya vilele ambako mtu anaonekana kwa mbali akija, ndani ya mapango, katika makaburi ya ukoo, katika nyumba zilizojitenga. Waliimba kwa kunong'ona.

Wasiojuana walitambuana kwa sura ya 38 ya kitabu cha Yeremia. Mfalme Sedekia anamtaka nabii ushauri kwa siri, na nabii anamuuliza: nikikueleza, hutaniua? Mgeni aliyeingia kijijini na kushuku kwamba mwenye nyumba ni wa sala, alilitamka swali hilo la Yeremia katikati ya maongezi ya kawaida. Aliyelijua andiko alijibu kwa maneno ya mstari unaofuata, kiapo cha mfalme cha kutomuua. Asiyelijua alishangaa tu, na mazungumzo yakaendelea juu ya mpunga na bei ya ng'ombe. Sijui kama imewahi kubuniwa nywila bora kuliko hiyo: jasusi aliyetaka kuijua ilimlazimu kwanza kusoma Biblia mpaka Yeremia.

Shabaha ya kwanza ya dola ilikuwa wanawake. Rafaravavy, mama wa ukoo wa heshima aliyebatizwa Maria, aliigeuza nyumba yake kuwa mahali pa sala. Watumishi wake mwenyewe walimshitaki mwaka 1836. Alitozwa faini nzito, akasamehewa, akahamia nyumba nyingine na kuendelea. Mwaka 1837 akashitakiwa tena, na safari hii watu waliruhusiwa kuipora nyumba yake mpaka ikabaki kuta. Waliokamatwa naye walikuwa kadhaa, na kati yao alikuwepo mwanamke kijana aitwaye Rasalama.

Rasalama aliuzwa kuwa mtumwa. Alifanya kazi siku sita, ya saba akagoma. Wakamtia minyororo mifupi iliyombana magoti, viganja na shingo vikutane, akalala hivyo usiku kucha. Asubuhi ya tarehe 14 Agosti 1837 walimpeleka Ambohipotsy, kwenye ncha ya kusini ya mlima wa mji, mahali wahalifu walipouawa na maiti zao kuachiwa mbwa. Njiani aliimba. Alipopita mbele ya nyumba ya ibada ambako alizoea kusikiliza mahubiri, aliwaonyesha waliomfuata, akasema hapo ndipo alipoyasikia maneno ya Mwokozi. Alipofika aliomba nafasi ya kusali, akapiga magoti, na mikuki ikampitia akiwa bado anasali. Wauaji walirudi wakisema kwamba wapo watu wenye dawa fulani ya Wazungu inayoondoa woga wa kifo.

Katika waliomsindikiza alikuwemo kijana Rafaralahy, aliyesema kwamba kama yeye naye angejaliwa kufa kwa utulivu ule, angekufa kwa hiari. Mwaka uliofuata alipata alichosema. Katika mateso majina ya baadhi ya wenzake yalimtoka. Habari hiyo ipo katika simulizi za mwanzo, na ninafurahi kwamba haikufutwa ili kumsafisha. Pale Ambohipotsy wauaji walipotaka kumbwaga chini aliwaambia hakuna haja, akalala mwenyewe.

Rafaravavy alikuwa auawe siku moja baada ya amri kutolewa, jogoo akiwika. Usiku ule moto ukazuka mjini na kuteketeza nyumba nyingi. Katika vurugu hukumu ikaahirishwa, na baadaye akauzwa utumwani. Mwaka 1838, wenzake walipoanza kutajwa, alitoroka na kwenda Vonizongo, wilaya ya kaskazini magharibi iliyokuwa imejaa watu wa sala. Inasimuliwa kwamba siku moja askari waliokuwa wakimtafuta walikaribia nyumba aliyojificha bila mtu kuwaona. Kunguru walikuwa wakidonoa muhogo ulioanikwa uani. Mama mwenye nyumba akatoka kuwafukuza, akaona vichwa vya askari vikipanda kilima. Rafaravavy akawahi kuingia chini ya kitanda, nyuma ya mkeka. Askari waliingia, wakakaa, wakauliza maswali mengi, na yule mama akawajibu taratibu mpaka wakachoka wakaondoka. Kutoka hapo yeye na wachache walitembea usiku, mchana wakilala porini, mpaka Tamatave, ambako rafiki zao waliwavisha na kuwapandisha meli ya kwenda Mauritius. Mwaka 1839 walikuwa London, wakishangiliwa na umati katika ukumbi wa Exeter Hall. Rafaravavy hakubaki huko. Alirudi Mauritius kufanya kazi miongoni mwa Wamalagasi waliokuwa wamepelekwa huko kama watumwa, na alifariki mwaka 1848 bila kukiona kisiwa chake tena.

Tarehe 9 Julai 1840 watu tisa waliuawa Ambohipotsy, baada ya kukamatwa wakijaribu kukimbilia pwani. Kisha ikafuata pumzi fupi. Ikulu ilikuwa na mambo mengine: mwaka 1845 meli za kivita za Uingereza na Ufaransa ziliishambulia Tamatave na kushindwa kuiteka, na vichwa vya askari waliokufa vilitundikwa kwenye miti ufukweni vikawa vinawatazama mabaharia kwa miaka. Kwa malkia huo ulikuwa uthibitisho kwamba hakukosea kuhusu Wazungu. Lakini ndani ya nyumba yake mwenyewe mambo yalikuwa yameharibika. Mwanawe wa pekee, Rakoto, mrithi wa kiti, alikuwa ameanza kuhudhuria sala za usiku. Aliwaonya Wakristo juu ya misako, akawafungua wengine minyororo kwa mikono yake. Wakubwa walimpelekea malkia habari zake, naye mama akawa anatafuta wa kumlaumu badala ya mtoto.

Mwaka 1849 bwawa likapasuka. Msako wa mwezi Februari uliwanasa karibu watu 2,000: wengine walitozwa faini, wengine wakauzwa na wake na watoto wao, maofisa wakafanywa askari wa kawaida. Ramonja, mwana wa ukoo wa kifalme, naye alivuliwa cheo. Kumi na wanane walihukumiwa kufa, hukumu ikatekelezwa tarehe 28 Machi.

Wanne walikuwa makabaila. Damu ya kabaila haikuruhusiwa kumwagika ardhini, kwa hiyo walichomwa moto wakiwa hai kule Faravohitra, kaskazini ya mji. Mmoja wao alikuwa mwanamke mjamzito, akajifungua palepale motoni. Mvua ilinyesha ikauzima moto, ukawashwa tena, na upinde mkubwa wa mvua ukatokea angani hata baadhi ya watazamaji wakakimbia. Wengine 14 walipelekwa Ampamarinana, jabali la upande wa magharibi wa ikulu. Waliviringishwa mikeka, wakazibwa vinywa ili wasihubiri njiani. Mmoja mmoja alifungwa kamba kiunoni na kuning'inizwa juu ya genge, kisha akaulizwa kama ataacha kusali. Alipokataa, kamba ikakatwa. Msichana mmoja, Ranivo, malkia alitaka aokolewe. Walimsimamisha ukingoni ili aone wenzake wakianguka na aogope. Yeye akaomba naye atupwe. Ofisa akampiga kofi, akatangaza kwamba msichana huyu ana wazimu, akamrudisha. Ofisa yule, kama ninavyomwelewa, alikuwa akimtafutia njia ya kuishi.

Lililowashinda watawala ni hesabu. Kila baada ya adhabu kubwa watu wa sala walionekana kuwa wengi zaidi. Askari aliyepelekwa ngome ya mbali kwa adhabu alianzisha kikundi cha sala huko. Mtumwa aliyeuzwa wilaya nyingine alikipeleka kile kipande cha Injili alichokishona ndani ya nguo. Watoa habari nao walichoka, maana sasa kila ukoo ulikuwa na mtu wake kati ya watu wa sala. Mwaka 1857 ikatokea njama ya kumpindua malkia, ikiwahusisha wafanyabiashara Wafaransa Lambert na Laborde na Rakoto mwenyewe. Ikafichuka. Wazungu wakafukuzwa mjini, akiwemo Ida Pfeiffer, msafiri kutoka Austria aliyejikuta ndani ya mambo yasiyomhusu, akashikwa na homa njiani na kufariki mwaka uliofuata. Wakristo wa nchi ndio waliolipa: zaidi ya kumi walipigwa mawe mpaka kufa pale Fiadanana. Hapa kwa mara ya kwanza tuhuma ya kwamba sala na Mfaransa vinakwenda pamoja ilikuwa na punje ya ukweli, na watu waliokufa kwa ajili ya punje hiyo wengi wao hawakujua lolote juu ya njama.

Malkia alifariki Agosti 1861. Rakoto akatawala kwa jina la Radama wa Pili, na tangazo lake la kwanza lilikuwa uhuru wa kuabudu. Watu wakatoka porini, wamekonda, wengine na alama za pingu shingoni, wengine ambao jamaa zao walishawafanyia matanga. Wamisionari waliporudi mwaka 1862, William Ellis akiwa mbele yao, walitarajia kukuta mabaki. Walikuta maelfu, na makusanyiko yenye wahubiri wake, wazee wake na taratibu zake. Haikuwa rahisi kwao kuwaambia watu kama hao kwamba sasa tutawafundisha namna ya kuwa kanisa, ingawa baadhi walijaribu. Makanisa ya mawe ya ukumbusho yalijengwa pale watu walipouawa, Ambohipotsy, Faravohitra na Ampamarinana, na bado yapo.

Wasimulizi wengi husimama hapa, na ninaelewa kwa nini. Lakini miaka minane tu baadaye, tarehe 21 Februari 1869, malkia mpya, Ranavalona wa Pili, alibatizwa pamoja na waziri mkuu wake Rainilaiarivony, ambaye kwa wakati huo alikuwa pia mumewe. Aliyewabatiza alikuwa mchungaji Mmalagasi, Andriambelo. Mwezi Septemba mwaka huohuo serikali iliamuru Kelimalaza ichomwe moto, na sanamu nyingine baada yake, za kifalme na za vijiji. Watunzaji wake, waliokuwa na heshima kubwa, wakapoteza kila kitu kwa siku moja. Vijijini watu walijazana makanisani kwa sababu mkubwa wa wilaya alikuwa anahesabu waliohudhuria. Kazi ya lazima ya umma, ileile ambayo Ranavalona wa Kwanza aliwabebesha Wakristo kama adhabu, sasa ilitumika kubeba matofali ya kujengea makanisa. Mwalimu wa shule ya misheni alikuwa na daftari la majina, na daftari hilo lilitumiwa na wanaochagua vijana wa kwenda jeshini.

Baadhi ya wazee waliopitia mateso walilalamika. Walisema wamezoea kanisa ambalo mtu anaingia akijua anaweza kufa kwa ajili yake, na hawajui la kufanya na hili ambalo mtu anaingia kwa kuogopa faini. Sauti zao hazikusikika sana. Wengi wa watu waliozifukia sanamu zao usiku ili zisichomwe hawakuacha maandishi yoyote, kwa kuwa wao ndio wale ambao shule haikuwafikia.

Tarehe 30 Septemba 1895 Wafaransa waliiteka Antananarivo, na Rainilaiarivony akapelekwa uhamishoni Algiers, alikofia. Majuma machache baadaye, tarehe 22 Novemba, wanavijiji wa Arivonimamo waliinuka. Waliwaua mmisionari William Johnson, mkewe na binti yao mdogo, na sanamu iitwayo Ravololona ikatolewa tena hadharani. Uasi uliofuata, wa wale waliopaka nguo zao udongo mwekundu na kuitwa Menalamba, ulidumu mpaka mwaka 1897 na kuteketeza makanisa mengi ya nyanda za juu. Wahubiri na waumini wa Kimalagasi waliokamatwa ndani yake waliuawa kama watu wa serikali. Machoni pa Menalamba, ndivyo walivyokuwa: watu wa kanisa la malkia, waandikishaji wa kazi ya lazima, rafiki wa Mzungu. Wapo walioponea porini usiku, wakisali kimya, katika wilaya zilezile ambazo mama zao walikuwa wamejificha.